Mwalimu, Mwanangu Mbona Hasikiki?

Warsha ya muziki ya watoto ilikuwa imekwisha. Wazazi wanapiga picha, wavulana wa magitaa bado wamejivika vyombo vyao na hawataki kuvivua, na mimi nimepiga magoti nyuma ya jukwaa nakunja waya. Akaja mama mmoja, mtoto mdogo anayelia usingizi amening'inia kwenye buibui lake. Akanisalimia, akanishukuru, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akashusha sauti.

"Mwalimu, mwanangu mbona hasikiki?"

Binti yake alikuwa mpiga besi, lile gitaa la nyuzi nzito linalotoa sauti za chini. Mpiga besi pekee wa warsha nzima ile ya likizo ya Agosti. Alikuwa amesimama jukwaani tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mama yake alikuwa amekaa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho akimtafuta kwa masikio. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mama huyu alikuwa amebishana na watu wa nyumbani kwake mpaka binti akaruhusiwa kuja. Si kila nyumba ya Mombasa inayopenda kuona mtoto wa kike ameshika chombo.

Nilimjibu. Nilimwambia besi huhisiwa zaidi ya kusikiwa, jibu ambalo wapiga besi wote tunatembea nalo mfukoni. Akaitikia kwa heshima, "Haya, mwalimu," akamshika binti mkono wakatoka kuwahi matatu ya Kisauni.

Jibu lile halikuniridhisha hata lilipokuwa linatoka mdomoni.

Agosti ikaisha, shule zikafunguliwa, nami nikarudi kwenye kazi yangu ya usiku hotelini. Kila nikichomeka waya kwenye besi, nalisikia swali la yule mama.

## Wimbo wa tatu

Nianze na jambo ambalo mama yule hakuliona, na pengine hakuna aliyeliona katika wale waliokaa viti vya mbele.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa mwendo wa chakacha, ule wa sita kwa nane, yaani mapigo sita katika kila mzunguko, ambao ukipigwa sawasawa hapa kwetu hakuna bega linalotulia. Watoto waliupenda kwa sababu mabinti waimbaji walikuwa wameutungia maneno wao wenyewe. Ukumbi ulikuwa umechangamka. Bibi mmoja safu ya pili alikuwa anapiga makofi ya kupishana na ngoma, yale ya harusini.

Katikati ya ubeti wa pili, waya wa besi ukachomoka. Ulikuwa waya mkuukuu uliokwisha kufungwafungwa selotepu. Magitaa yakaendelea. Waimbaji wakaendelea. Dramu zikaendelea. Ungewauliza watu baadaye, asingepatikana hata mmoja wa kukwambia kwamba kuna kitu kilikatika. Lakini yule bibi aliacha makofi. Hakutazama huku na huku wala hakukunja uso, mikono yake ilishuka tu ikatua mapajani. Mabega ya safu nzima yakatulia. Baba mmoja akatoa simu kuangalia saa.

Binti akainama, akauokota waya, akaifuta ncha yake kwa upindo wa gauni, akauchomeka.

Hakuingia papo hapo.

Alisubiri, midomo ikihesabu bila sauti, mpaka mzunguko uliporudi mwanzo, ndipo akatua kwenye noti ya kwanza pamoja na teke la dramu. Bibi akaanza makofi tena kana kwamba hakuwahi kuacha. Baba akarudisha simu mfukoni.

Huyu ni mtoto wa miaka 13 ambaye wiki ile ndiyo mara yake ya kwanza kushika besi. Kusubiri kule hakuna aliyemfundisha. Mtoto anayetaka aonekane angerukia ndani pale pale waya uliposhika, na angeanguka nje ya mwendo. Huyu aliusikiliza wimbo kwanza, akaona mlango uko wapi.

Na mama yake hakumsikia.

## Spika ya simu

Mara ya kwanza nilijiambia kwamba mama hajazoea tu. Masikio ya watu wengi yanafuata mwimbaji, kisha gitaa la solo, basi. Lakini kila nilipolifikiria hilo nilikumbuka asubuhi ya kwanza ya warsha, nilipowapigia watoto wimbo wanaoupenda na kuwauliza besi iko wapi. Karibu wote walinionyesha teke la dramu. Hawa si wazazi. Hawa ndio waliokuja kujifunza muziki.

Mtoto wa leo anajifunza nyimbo kwa simu. Uzi mzito kuliko yote wa besi, ile E ya chini, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82, oktavu moja juu yake. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa inayohitajika kutoa mtetemo mzito kiasi hicho. Kinachotoka ni ile mitetemo ya juu inayofuatana na noti yenyewe, na ubongo hukisia kilichobaki. Mtu aliyekwisha kukaa mbele ya bendi anakisia vizuri, maana anajua kinachokosekana. Mtoto ambaye muziki wake wote umepitia kwenye simu hana cha kukisia nacho.

Utasema, na matatu je? Ni kweli, hakuna mtoto wa Mombasa anayekua bila kupigwa besi kifuani. Panda gari la Bamburi jioni uone viti vinavyotikisika. Ila mle ndani besi ni mngurumo uliotengenezwa na mashine, na mtoto hajawahi kuona vidole nyuma yake. Kwake ni tabia ya gari, kama honi.

Ndiyo sababu siku ya kuandikishana watoto wote hutaka gitaa, wachache dramu, waliobaki kuimba. Besi hupewa aliyechelewa kufika. Binti yule aliipata kwa sababu magitaa yalikuwa yamekwisha.

## Chumba cha besi

Warsha nyingi nilizowahi kufundisha hapa pwani hupangwa kwa namna moja. Magitaa chumba hiki, besi chumba kile, dramu uani kwa sababu ya kelele. Siku ya mwisho wote wanakutanishwa jukwaani mbele ya wazazi.

Kwa mpiga gitaa mpango huu unafaa. Wiki ikiisha ana kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za G, C na D, ana mapigo mawili ya mkono wa kulia, anaweza kurudi nyumbani akamwimbia mama yake wimbo mzima sebuleni. Mpiga besi aliyekaa wiki nzima chumbani peke yake anarudi nyumbani na nini? Akikaa sebuleni akapiga alichojifunza, mama atasikia noti moja moja zinazotembea bila wimbo.

Kwa muda nilidhani tatizo ni uchache wa siku. Likizo yetu ya Agosti ni fupi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo wageni wa Ulaya wanajaa hotelini, kwa hiyo walimu tunafika asubuhi macho mekundu. Wenzetu Marekani wana majira ya joto marefu na wameyatumia. National Guitar Workshop ilianza Connecticut mwaka 1984, wanafunzi wakilala huko huko na vyombo vyao. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Mwingereza, Robert Fripp, akaanzisha Guitar Craft huko West Virginia, na akawafundisha watu kutuni gitaa kwa namna tofauti kabisa, C-G-D-A-E-G, ili hata aliyepiga miaka kumi aketi chini aanze upya. Mpiga gitaa Jorma Kaukonen alifungua shamba lake Ohio, watu wakawa wanakwenda kwa siku chache kujifunza kupiga gitaa kwa vidole. Nilisoma habari za hizi zote kwa wivu, nakiri, nikiwaza vitanda, misitu na muda.

Kisha nikafika kwa Victor Wooten, mpiga besi wa Marekani. Kambi yake ya besi huko Tennessee ilianza mwaka 2000, na ndani yake hakuna muziki tu. Wanafunzi wanapelekwa msituni kufundishwa kufuata nyayo za wanyama, kutambua mimea, kukaa kimya wakasikia kilichopo. Mara ya kwanza nilipoisoma niliona ni pambo la kuvutia wateja. Nilipoirudia, yule bibi wa makofi akiwa bado kichwani, niliona kuna mtu aliyejiuliza kwa makini mpiga besi anahitaji kufundishwa nini hasa, na jibu lake halikuwa vidole. Lilikuwa masikio.

Wooten mwenyewe hakupitia kambi yoyote. Ni kitinda mimba wa ndugu watano. Regi alipiga gitaa, Roy dramu, Rudy saksafoni, Joseph kinanda. Bendi ya nyumbani ilikosa besi tu, na mtoto akawekewa chombo mkononi akiwa hata shule hajaanza. Alijua nafasi yake katika wimbo kabla ya kujua noti zinaitwaje.

## Nyumba zilizokuwa warsha

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka, maana habari hiyo tunayo hapa hapa.

Them Mushrooms waliianzisha bendi yao Mombasa mwaka 1972, na kiini chake kilikuwa ndugu wa familia ya Harrison. Wilson na George Kinyonga walikuwa ndugu waliotoka Tanga, wakaja huku na kuijenga bendi ya Simba Wanyika. Ukirudi nyuma zaidi, Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, alipiga muziki katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyumba, bendi, kikosi. Kila ukimfuatilia mmoja wao unakuta watu waliomzunguka wakipiga, na yeye katikati akitafuta pa kuingilia.

Sikiliza magitaa ya Simba Wanyika kwa spika nzuri. Hayapigi kitu kimoja. Solo iko juu, gitaa la pili linaijibu, ridhimu imekaa katikati ikikata, na chini kabisa kuna uwanja mpana umeachiwa besi. Kila mmoja anajua mpaka wake. Hata walipogawanyika na Les Wanyika ikazaliwa mwaka 1978, mpango ule ulibaki. Watu wengi wa pwani wanaweza kuuimba "Sina Makosa", wimbo wa Les Wanyika, neno kwa neno, lakini waulize ile besi inayoubeba wimbo ni ya nani. Ni ya Tom Malanga. Nawaomba mlishike jina hilo.

Sasa linganisha na jukwaa letu la Agosti. Magitaa saba, yote yanakwangua kodi ileile, kwa pigo lilelile, nyuzi zote sita, pamoja na zile nzito ambazo sauti yake inaingia moja kwa moja kwenye uwanja wa besi. Mtoto mmoja amesimama chini ya kifusi hicho. Hata Malanga asingesikika.

## Kahawa Mji wa Kale

Nilimwendea mzee mmoja Mji wa Kale aliyepiga besi kwenye vikundi vya taarabu na bendi za hoteli tangu ujana wake. Viungo vya vidole vimemvimba, chombo hashiki tena. Masikio hayajaguswa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, kahawa ipo."

Nikamweleza habari ya warsha, binti, mama na swali lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Huyo mtoto mlimkalisha na nani?"

"Na mwalimu wake, mzee, mimi. Besi ina chumba chake."

"Peke yake na besi?"

Alilirudia hilo taratibu, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Akanieleza alivyoanza yeye. Alianza kwa kubeba vyombo. Kazi yake ilikuwa kushusha spika kwenye mkokoteni, kisha kukaa kando ya mpiga vumi, ile ngoma ya sauti nzito, usiku mzima wa harusi asije mtu akajikwaa kwenye waya. Muda mrefu hakugusa chombo chochote. Siku moja mpiga besi wa kikundi alisafiri kwenda Unguja na hakurudi. Wakampa yeye.

"Noti sikujua hata moja," akasema. "Nilijua vumi linaangukia wapi."

Akasogeza vikombe, akaanza kupiga sinia kwa ncha za vidole, mwendo mwepesi wa chapuo, ile ngoma ndogo, na kisigino kikiwa kinaangusha vumi sakafuni. Akanipa ishara nimfuate kwa kupiga meza. Nikaingia na mpangilio ninaoutumia kila usiku hotelini.

"Umejaza. Punguza."

Nikapunguza.

"Bado."

Nikapunguza tena. Akatikisa kichwa. Nikaendelea kuondoa mpaka mkononi mwangu pakabaki mapigo mawili tu katika kila mzunguko, moja likiangukia pamoja na kisigino chake na jingine likitangulia kidogo tu mbele ya mzunguko unaofuata. Ndipo sinia ikaanza kucheza. Sijui niielezeje vingine. Vidole vyake havikubadilisha kitu, lakini chapuo lilipata nafasi ya kupumua, na mjukuu wake aliyekuwa mlangoni akaanza kutikisa kichwa huku macho yapo kwenye simu.

"Hapo," mzee akasema. "Sasa waache watu wapite."

Nimekuwa nikipiga besi miaka mingi, na somo hilo sijawahi kulipata darasani wala kulitoa darasani. Lingeweza kutolewa asubuhi moja. Halihitaji msitu wa Tennessee wala majira marefu ya joto, linahitaji mtu wa chapuo, mtu wa vumi, na watoto wote wa warsha chumba kimoja, wa magitaa wakiwemo, kabla yeyote hajaonyeshwa kodi ya kwanza.

## Spika kubwa ilikuwa wapi

Bado swali la mama lilikuwa palepale. Masikio ni sehemu moja. Sehemu nyingine ni umeme.

Nilirudi ukumbini kuangalia vifaa tulivyotumia. Besi ya yule binti ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ya gitaa, ya mazoezi ya chumbani, iliyowekwa nyuma ya pazia ili isiharibu sura ya jukwaa. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Gitaa lenye amplifaya ya wati 30 linaweza kusimama na dramu bila wasiwasi, lakini besi inataka wati 200 au zaidi ili iwe sawa nalo. Na ukijaribu kuikaza besi kwenye spika ya gitaa, karatasi ya spika inachanika. Aliyeweka sauti ya binti chini alikuwa anailinda spika.

Mama alikuwa ameuliza swali la ufundi, na mimi nilimpa jibu la falsafa.

Nilimpigia simu, nikamwomba aje na binti Jumamosi asubuhi. Niliazima amplifaya ya besi kutoka kwa bendi ninayopiga nayo. Mpiga dramu wa warsha alikuja, na wavulana wawili wa magitaa ambao niliwataka wapige nyuzi tatu nyembamba tu. Kabla ya hapo tulikuwa na kazi ya kuzifufua nyuzi za besi yenyewe. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na nyuzi za besi ni ghali, kwa hiyo tunafanya wanavyofanya wapiga besi wengi wasio na pesa: tunazivua, tunazichemsha kwenye sufuria kama dakika kumi, mafuta na uchafu wa vidole vinatoka, tunazikausha vizuri kwa taulo na kuzirudisha. Mlio unarudi kwa siku kadhaa. Binti alizishika zikiwa bado na joto, akazinusa, akasema zina harufu ya sarafu. Nikamsimulia habari za James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliyepiga kwa kidole kimoja cha shahada, ambaye nyuzi zake alikuwa hazibadilishi ila ikatike. Nyimbo alizozibeba zilizunguka dunia nzima, na ilikuwa mpaka mwaka 1971 ndipo jina lake likaandikwa kwenye jalada la albamu kubwa ya kampuni hiyo.

"Miaka yote hiyo mama yake hakujua ni yeye?" binti akauliza.

Sikuwa na la kumjibu.

Tukaanza ule wimbo wa chakacha. Nilimwambia binti kwamba nikiinua mkono aache kupiga, nikiushusha arudi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mdogo mapajani. Mara ya kwanza binti alipoacha, mama aliinua macho. Mara ya pili aligeuka kunitazama. Aliporudi tena, na benchi likarudi kutetemeka, alicheka kwa sauti akafunika mdomo.

"Kumbe ni yeye!"

"Ndiye, mama."

Akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akanigeukia, na hakuwa anacheka tena.

"Sasa mwalimu, hii spika siku ile ilikuwa wapi? Na mbona walimsimamisha nyuma?"

Spika ilikuwa hotelini, ikifanya kazi ya wageni wa Agosti. Nilimwambia hivyo. La kusimamishwa nyuma halina sababu, ni mazoea tu, na nilimwambia hivyo pia. Mpiga besi husimama karibu na dramu, hiyo ni kweli na inafaa, lakini hakuna sheria inayosema dramu zenyewe zikae gizani.

## Desemba

Watu wanaoandaa warsha ya Desemba wamenipa nafasi ya kusema ninachotaka, na nimesema.

Nataka asubuhi ya kwanza isiwe na magitaa. Iwe na chapuo, vumi na makofi, watoto wote duara moja, na bibi kama yule wa safu ya pili awepo kuwafundisha makofi yanapishana vipi na ngoma. Nataka kila mpiga gitaa akae na besi walau saa moja katika wiki, ili akirudi kwenye gitaa lake ajue ni wapi anatakiwa kunyamaza. Nataka chumba cha besi kifungwe. Mpiga besi afundishwe akiwa na mtu wa ngoma kando yake tangu siku ya kwanza, hata kama ni mpiga sinia. Nataka magitaa yagawanywe, solo, la pili, ridhimu, wasikilizishwe Simba Wanyika kwa spika kubwa na kila mmoja atafute uzi wake. Na pesa ya kwanza itakayopatikana, kabla ya fulana zenye jina la warsha na kabla ya maji ya chupa, iende kwenye amplifaya ya besi.

Kuna mwenzangu mmoja amenipinga. Anasema wazazi wanalipa ili waone mtoto amerudi na wimbo, na asubuhi nzima ya kupiga makofi itawafanya wadai pesa zao. Hofu yake naielewa, na sidhani ni hofu ya bure. Nilichomwambia ni kwamba mzazi mmoja amekwisha kulalamika chini ya mpango wa zamani, na alikuwa na haki.

Lililobaki ni vyombo. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, tangu mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipoitoa besi yake ya Precision mwaka 1951, na mkono wa mtoto wa miaka 13 unahangaika kufika freti za mwanzo, vile vyuma vinavyokata shingo. Ziko fupi za inchi 30, ndizo tunazozitafuta. Binti kwa sasa anatumia ndefu, wiki hii iko kwao, wiki ijayo itarudi kwangu kwa sababu nina kazi nayo. Amekwisha kumfundisha mdogo wake kupiga vumi kwenye ndoo.

Basi kama uko Mombasa hii, Likoni, Changamwe, Tudor, hata Mtwapa, na una besi iliyolala juu ya kabati tangu bendi yenu ivunjike, itoe. Isiwe na nyuzi, iwe na kutu, shingo iwe imepinda kwa unyevu, sawa. Shingo tutainyoosha, na sufuria tunayo.